Picha ni Safi

Baba Mdogo alikuwa amechota kete 11 na tayari alishaangusha tatu. Mkono ulikuwa hewani juu ya shimo la nne pale kijana mmoja, aliyekuwa amekalia ndoo ya rangi, alipouliza, "Mzee, sangara leo wanauzaje?" Baba Mdogo akamtazama bila kumjibu. Macho yakarudi kwenye bao, yakaja kwenye ngumi, yakarudi tena kwenye bao. Kete alikuwa nazo. Alichopoteza ni safari yenyewe.

"Nilikuwa naelekea wapi?" aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini, siyo aliyekuwa anacheza naye.

Kijiwe chetu cha Kirumba, Mwanza, hakina huruma. "Mzee kalala macho!" mtu akapiga kelele, na wote wakaangua kicheko, maana kwenye bao kulala ndiko kuishiwa: kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu inahama. Baba Mdogo naye alicheka kidogo. Kisha akarudisha kete nane zilizobaki mkononi kwenye shimo moja, si lile alikozitoa, akainuka na kwenda nyumbani.

Wasiomjua hawawezi kuelewa kwa nini nilishindwa kulala usiku ule. Huyu ni fundi mitumbwi aliyetufunga sote pale kijiweni kwa miaka. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezo mmoja unaweza kukuzungusha, ukala, ukachota tena, ukazunguka tena. Yeye alikuwa hashiki kete hata moja kabla hajauona mwisho wake. Alikuwa anainua kidevu kuelekea shimo fulani upande wake, bila neno, halafu ndipo anaanza kupanda. Kete ya mwisho ilikwenda kulala palepale kidevu kilipoonyesha. Tulikuwa tunakiogopa kile kidevu.

Wiki nne kabla ya siku ile, bodaboda ilimgonga akiwa kando ya barabara, Pasiansi. Paji la uso lilipiga ukingo wa mtaro. Alizimia kwa dakika chache, akaamka akiulizia kofia yake. Tulimkimbiza hospitali, akapigwa CT ya kichwa, na daktari aliyetoka na majibu alikuwa na haraka ya kwenda kwa mwingine. "Picha ni safi," alisema. "Hakuna damu iliyovuja, hakuna ufa." Tukashukuru, tukapewa dawa za maumivu, tukarudi na Bajaji, njiani nikanunua soda kama watu waliotoka kwenye sherehe. Hakuna aliyetuambia tutazame nini siku zinazofuata. Hilo bado linaniuma, ingawa najua foleni ilikuwa ndefu na yule daktari alikuwa peke yake.

Mama Mdogo ndiye aliyeona kwanza. Mumewe anaweka randa juu ya mbao, anageuka kuchukua pamba ya kuzibia nyufa, hatua tatu tu, akirudi hajui randa iko wapi. Lakini muulize miamba yote iliyofichika majini kutoka hapa hadi Ukerewe, atakutajia mmoja mmoja na nani aligonga upi. Muulize mtumbwi alioutengeneza mwaka 1987 ulikuwa na futi ngapi. Vya zamani vyote vipo. Cha sekunde kumi zilizopita ndicho kimetoweka. Majirani walikuwa na maelezo yao, na mengine yalimhusisha yule kijana wa bodaboda na mtu aliyemtuma. Sitayarudia hapa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari. Neno "safi" lilikuwa linanikera kama mwanafunzi aliyeandika jibu bila kuonyesha njia. CT inatumia miale ya eksirei kuzunguka kichwa na kuchora kilichomo: mfupa, damu iliyomwagika, uvimbe. Ni picha ya nyumba. Kuta zimesimama, bati lipo, mlango haujavunjwa. Kama ndani kuna mtu anapika au moto umezimika tangu asubuhi, picha ya kuta haiwezi kukuambia. Na majeraha ya kichwa yanayoitwa madogo, mara nyingi sana, hayaachi alama yoyote kwenye CT.

Tulirudi hospitali. Safari hii tulimpata daktari binti, bado yuko mafunzoni, mwenye muda au labda aliyejitafutia muda. Alimsalimia shikamoo, akamwomba radhi mapema kwamba atamchezesha mchezo wa kitoto. Akapanga maboksi tisa ya dawa mezani shaghalabaghala. Akagusa matatu kwa kalamu, moja baada ya jingine. "Mzee wangu, nifuate." Baba Mdogo akafuata. Manne, akafuata. Matano, akapotea. Kisha binti akarudi kwenye matatu, ila kabla hajamruhusu kuanza akamuuliza, "Una wajukuu wangapi?" Baba Mdogo akajibu, "Saba." Akanyoosha kidole kwenye maboksi, na kidole kikabaki kimening'inia vilevile kama ule mkono wa kete.

"Pale mahali panaingia kichwani," binti alituambia, "ila hapana mlinzi."

Nilikaa na sentensi hiyo miezi kadhaa. Nikasoma usiku, baada ya kusahihisha madaftari.

Mchezo wa maboksi una umri. Mwaka 1972 Philip Corsi, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu pale Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alibandika vipande tisa vya mbao kwenye ubao bila mpangilio, akawa anavigusa kimoja kimoja na kumtaka mgonjwa arudie. Mtu mzima wa kawaida hufika vitano au sita. Miaka miwili baadaye Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, wakatoa hoja kwamba uwezo wa kushikilia kitu kwa sekunde chache huku ukikifanyia kazi si ghala moja. Kuna sehemu inayoshika maneno, kuna nyingine, kama kibao cha kuchoria, inayoshika maumbo na mahali, na juu yao kuna msimamizi. Wataalamu huiita kumbukumbu ya kazi. Jina zuri. Ni kumbukumbu ya mtu aliye katikati ya kazi: randa niliiweka wapi, kete hii inakwenda shimo gani.

Kwamba kazi hii inahusu ubongo wa mbele, ule ulio nyuma ya paji la uso, kulianza na nyani. Katika miaka ya 1930, Carlyle Jacobsen wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alimwekea nyani chakula chini ya kikombe kimoja kati ya viwili, akashusha pazia kwa sekunde chache, akalipandisha. Nyani mzima huchagua sawasawa. Aliyeondolewa sehemu ya mbele ya ubongo alikuwa anabahatisha, ingawa alikiona chakula kikifichwa kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 1971 Joaquin Fuster na Garrett Alexander wakaonyesha kinachotokea wakati pazia limeshuka: kuna seli za neva za ubongo wa mbele zinazoendelea kufyatua ishara muda wote wa kusubiri, kitu kikiwa hakionekani tena. Halafu akaja Patricia Goldman-Rakic. Mwaka 1989 yeye na wenzake walimfundisha nyani kukazia macho nukta ya katikati, taa ikawaka kwa nusu sekunde katika sehemu moja kati ya nane kuizunguka, ikazimika, nyani akasubiri, kisha akapeleka macho pale ilipokuwa. Kila seli ilikuwa na upande wake inaoupenda. Hii inashika kulia juu, ile inashika kushoto chini. Na pale seli iliponyamaza kabla ya wakati, nyani alikosea.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Kumbe kidevu cha Baba Mdogo kilikuwa kinasimama juu ya seli za namna hii, zinazokataa kunyamaza.

Sasa, ubongo wa mtu mzima huwezi kuufungua kupachika waya eti unataka kujua. Ndiyo maana watu walihangaika kutafuta picha za kazi, siyo za kuta. Mwaka 1993 John Jonides na wenzake walitumia PET, kipimo kinachofuatilia dutu ya mionzi kidogo iliyotiwa kwenye damu. Mtu aliona nukta tatu kwa muda mfupi kama wa kupepesa jicho, akasubiri sekunde tatu, kisha duara likatokea naye akasema kama limezingira mahali palipokuwa na nukta. Maeneo kadhaa yaliongeza damu, yote upande wa kulia, na mojawapo likiwa ubongo wa mbele. Miaka michache tu kabla, Seiji Ogawa alikuwa ameonyesha kwamba MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, inaweza kusoma mabadiliko ya oksijeni kwenye damu bila kumchoma mtu sindano, na kuanzia 1992 binadamu wakaanza kupigwa picha hizo wakiwa wanafikiri.

Wanafunzi wangu huwa nawaeleza hivi. Panda kwenye mawe ya juu, Kirumba, alfajiri, utazame soko la samaki la Mwaloni kwa mbali. Magunia ya dagaa huyaoni. Mitumbwi imebanana, hujui upi umefika sasa hivi. Unachokiona ni mikokoteni. Ghafla inakimbilia pembe moja ya ufuo, na unajua pale kuna mtumbwi umetia nanga. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, mikokoteni inafika baada ya mtumbwi, si pamoja nao. Pili, inakwenda mingi kuliko mzigo, na baadhi hurudi mitupu. Damu ni hivyohivyo. Seli zikifanya kazi, damu yenye oksijeni huletwa kwa wingi kuzidi mahitaji, na kilele cha wimbi hilo hufika sekunde tano au sita baadaye. Hemoglobini iliyoachia oksijeni huvuruga kidogo uga wa sumaku, iliyobeba oksijeni haivurugi. Mashine inasoma tofauti hiyo, ndogo mno, ndani ya sumaku inayoishinda ile ya dunia mara makumi ya maelfu. Rangi nyekundu na njano tunazoziona kwenye picha za ubongo hazimo kichwani. Ni hesabu imepakwa rangi: mikokoteni wakati wa kukumbuka nukta, toa mikokoteni wakati wa kuzitazama tu.

Na hesabu inaweza kudanganya. Hadithi ninayoipenda kuliko zote, na nadhani ilipaswa kuzaliwa Mwanza, ni ya mwaka 2009. Craig Bennett na wenzake walimweka samaki ndani ya mashine, samoni wa Atlantiki, mzima wa mwili lakini aliyekwisha kufa. Wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza, kwa utaratibu wote wa kitaalamu, watu hao wanajisikiaje. Ubongo wa samaki ukawaka sehemu kadhaa. Picha moja ina vijisehemu makumi ya maelfu, na ukivipima vyote bila kusahihisha hesabu, vichache vitawaka kwa bahati. Walikuwa wanawakumbusha wenzao wasahihishe hesabu, na mwaka 2012 wakapewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel. Nilipomsimulia Baba Mdogo aliuliza swali moja tu: baadaye walimla?

Kilichonigusa zaidi ni utafiti wa 1999, wa Thomas McAllister na wenzake huko Marekani. Waliwachukua watu waliopata jeraha dogo la kichwa mwezi mmoja uliopita, wakawapa mtihani wa kumbukumbu ya kazi ndani ya MRI, wakawalinganisha na watu wazima wa afya. Alama za mtihani hazikutofautiana kwa maana. Lakini mzigo ulipoongezwa, ubongo wa waliojeruhiwa ulifanya kazi kwa namna nyingine, eneo la mbele na la juu upande wa kulia likiitwa kwa nguvu zaidi. Wote wamefika juu ya mlima. Mmoja anahema. Wiki nne. Hesabu ya Baba Mdogo ilikuwa hiyohiyo, ingawa yeye alikuwa na umri mkubwa na jeraha lililoonekana kumzidia.

Nilimuuliza daktari binti kama tunaweza kumpiga picha ya namna hiyo. Alicheka kwa upole. Picha zile, alisema, husemea kundi la watu kwa wastani, na hazijafika mahali pa kumwambia mzee mmoja kwamba amepona asilimia fulani. "Hata ningekuwa nayo mlangoni, ningerudi kwenye maboksi yangu."

Kuna njia nyingine iliyonivutia kama mwalimu, na hii unaweza kuianza nyumbani. Usiku, washa tochi ya simu, ifunike kwa vidole. Vidole vinageuka vyekundu. Nyama inameza rangi nyingine, nyekundu inapenya. Mwaka 1977 Frans Jöbsis alionyesha kwamba mwanga ulio ng'ambo kidogo ya wekundu, ambao jicho halioni, hupenya hata fuvu, na hubadilika kulingana na oksijeni iliyomo kwenye damu. Kwa hiyo unamvisha mtu mkanda au kofia, unaingiza mwanga kwenye paji la uso, na sentimita tatu pembeni unapokea ule mdogo uliorudi. Njia yake humo ndani hupinda kama ndizi. Hauendi mbali, unagusa tabaka la juu tu la ubongo, lakini eneo tunalolizungumzia lipo hapohapo, nyuma ya ngozi isiyo na nywele. Mtu anaweza kukaa kitini akicheza mchezo wake, bila kulazwa ndani ya bomba linalogonga kama gereji.

Vifaa hivyo vina shida ambayo waliovibuni hawakuiona mapema. Nywele nene nyeusi humeza mwanga, na ngozi nyeusi pia huupunguza. Kichwa cha Mwafrika kikitupwa nje ya takwimu kwa sababu "ishara ni dhaifu", ukweli ni kwamba kilichodhoofika ni kifaa, na mimi hili sitalisema kwa upole. Kwa bahati kuna kazi nzuri iliyofanyika Gambia, kijijini Keneba, ambako kofia hizi zimetumika kwa watoto wachanga tangu wakiwa mikononi mwa mama zao. Baba Mdogo ana kipara. Yeye asingewasumbua.

Turudi nyumbani. Mwezi wa tatu baada ya ajali nilichukua vifuniko viwili vya soda na karanga, nikaweka karanga chini ya kimoja mbele yake, nikafunika kwa gazeti, nikahesabu kumi. Alinitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu, umenifanya mtoto wa chekechea?" Lakini alichagua, na akapatia. Mara kumi, kumi. Nikapandisha idadi, vifuniko vitano, karanga tatu. Akapatia. Nikajiona mjinga, maana kesho yake kijiweni alipotea tena.

Jibu nililikuta kwenye jaribio la zamani sana. Mwaka 1942 Robert Malmo aliwapima nyani walioondolewa ubongo wa mbele kwa mchezo uleule wa kusubiri, ila safari hii alizima taa wakati wa kusubiri. Gizani, nyani walewale walioshindwa wakafanya vizuri zaidi. Hapakuwa na kitu cha kuwavuta macho. Mwaka 1999 Mark D'Esposito na Bradley Postle, wakipitia wagonjwa wenye majeraha ya ubongo wa mbele, walikuta kwamba wengi hushika orodha fupi bila taabu, na huangushwa pale kitu kingine kinapoingilia. Ndiyo maana leo wengi wanaona ubongo wa mbele si kabati la kuhifadhia mahali, bali ndio unaolishika kabati lisifunguliwe na kila mpita njia. Hapana mlinzi, alisema yule binti, kwa maboksi ya dawa tu.

Nyumbani kwangu kulikuwa kimya. Kijiweni kuna redio mbili, bodaboda, bei ya sangara.

Nikanunua bao dogo na kumpelekea uani kwake. Tukawa tunacheza baada ya chakula cha jioni, mimi na yeye, Mama Mdogo akichambua mchele pembeni bila kuongea. Majuma ya kwanza alicheza michezo mifupi, ya kula na kulala haraka. Sikumsukuma. Kuna jioni redio ya jirani ilimharibia mpaka akafunika bao kwa kanga.

Alhamisi moja umeme ulikatika mtaa mzima. Redio ya jirani ikafa katikati ya wimbo, televisheni zikafuata, hata mashine ya kusaga ikanyamaza. Ilikuwa zamu yake. Tukawasha taa ndogo ya sola, ile wanayovulia dagaa, tukaiweka chini pembeni ya bao, vivuli vya kete vikawa virefu. Akakaa kimya kiasi kwamba nilidhani amesinzia. Kisha akainua kidevu kuelekea shimo lake la pili kutoka mwisho.

Akaanza kupanda. Akala, akachota, akazunguka. Alikuwa na kete tano mkononi umeme uliporudi, na mnajua umeme ukirudi mtaani kwetu watoto hupiga ukelele kama timu imefunga goli. Redio ikaendelea na wimbo ilipoachia. Baba Mdogo akafunga ngumi. Akafumba macho. Mama Mdogo aliacha ungo. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika kumi na nne, ndipo alipofumbua macho na kuangusha ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya mwisho aliishika kidogo kwanza, akanitazama, kisha akailaza katika shimo lake la pili kutoka mwisho.